“Hiyo ni ndoo, mwalimu”: jinsi kikaragosi wa roboti anavyotoka katika vyombo vya nyumbani

Swali: “Ninafundisha shule ya msingi wilayani Rungwe na ninasimamia klabu ya sanaa. Tumepata nafasi ya kurekodi michezo mifupi ya televisheni, na watoto wamechagua mhusika mkuu awe roboti. Nilisoma kwamba roboti mashuhuri wa kipindi kimoja cha Marekani waliundwa kwa vyombo vya kawaida vya nyumbani, nikapata moyo. Nilichora roboti wangu vizuri kwenye karatasi, nikanunua ndoo ya lita 20 iwe kichwa, nikaitoboa mdomo, nikaivisha karatasi ya fedha ya kufungia vyakula. Nilipomtoa mbele ya darasa, mtoto mmoja akasema, ‘Hiyo ni ndoo, mwalimu,’ na wote wakacheka. Mkono wangu nao ulichoka kabla mchezo haujafika nusu. Je, wenzetu walikuwa na vifaa gani ambavyo sisi hatuna? Tuachane na vyombo vya nyumbani, tununue kikaragosi aliyekwisha kutengenezwa?”

Mwalimu, nimelisoma swali lako mara mbili, na ninavyolielewa, huogopi kazi. Unachoogopa ni kwamba kwa kutumia vyombo vya nyumbani umewapa watoto kitu cha kuchekwa, na kwamba siku ya kurekodi mkoa mzima utaiona ndoo hiyohiyo. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, mtoto aliyesema “hiyo ni ndoo” amekufanyia kazi ya mkaguzi bila malipo, kwa sababu ametaja kosa lenyewe, nalo si kwamba ulitumia ndoo, bali ni kwamba ndoo hiyo uliiacha ikiwa ndoo.

Kipindi ulichosoma habari zake bila shaka ni Mystery Science Theater 3000, kilichoanza kurushwa na kituo kidogo cha televisheni cha Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, tarehe 24 Novemba 1988. Aliyekibuni ni Joel Hodgson, mchekeshaji aliyekuwa na mkono wa kuunda vifaa vya jukwaani. Hadithi yake ni ya mtu aliyenaswa katika chombo cha angani na kulazimishwa kutazama filamu mbovu, akiwa na roboti wa kumliwaza. Fedha za kipindi zilikuwa haba, na roboti hao waliundwa kwa vitu ambavyo mtu yeyote wa mji ule angeweza kuvikuta jikoni, kwenye duka la michezo au kwenye rundo la vitu vilivyotumika. Kwa hiyo jibu la sehemu ya kwanza ya swali lako ni fupi: hawakuwa na kifaa chochote cha ajabu. Asubuhi moja katika vibanda vya soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, ingekupatia vitu vya namna ileile.

Mtazame roboti wao aitwaye Crow, kwa kuwa ndani yake kuna somo zima. Mdomo wake mrefu kama wa ndege ni pini ya plastiki ya mchezo wa bolingi, ule wa kuviringisha tufe na kuangusha pini zilizopangwa, iliyopasuliwa kwa urefu. Macho ni vipira vya mpira wa meza. Mahali macho yanapokaa ni kijisanduku cha sabuni cha msafiri. Nyuma ya kichwa kimesimama kitu kama wavu, ambacho ni kinga ya uso ya mchezaji wa hoki. Kiwiliwili kimetokana na trei za plastiki za Tupperware, na mikono ni vyuma vya taa ya mezani, zile zinazokunjika. Hesabu vitu hivyo kisha ujiulize: kwa nini mtazamaji hasemi “hiyo ni pini”?

Hasemi kwa sababu hakuna kitu hata kimoja kilichoachwa katika hali tunayokijua nayo. Pini husimama, lakini hapa imelala na imepasuliwa. Kisanduku cha sabuni hukaa bafuni kikiwa kimefungwa, lakini hapa kimefunguka na kina macho. Kisha vyote vimepakwa rangi moja ya dhahabu, kiasi kwamba jicho linashindwa kutenganisha kipande na kipande, na linalazimika kuona kiumbe kimoja. Akili ya binadamu hukitambua chombo kwa namna kinavyosimama, kwa ukubwa wake, kwa mpini wake na kwa rangi yake. Ukivuruga alama mbili au tatu kati ya hizo, jina la chombo linapotea, na akili, ambayo haipendi kukaa bila jawabu, inatafuta uso. Madoa mawili yaliyokaa sambamba na ufa chini yake yanatosha. Ndiyo maana hata soketi ya umeme ukutani humtazama mtoto.

Sasa irudie ndoo yako. Ilisimama wima, mpini wake ulining’inia pembeni, na ukubwa wake ulikuwa uleule ambao kila mtoto wa Tukuyu, mji wa wilaya yenu, anaubeba kichwani akitoka bombani. Ulikuwa umemvisha nguo, lakini jina hukumvua.

Yupo mwenzake Crow aliyefuata njia nyingine, nami nisingependa kumruka, kwa maana anaonyesha kwamba hizi si amri. Tom Servo, yule mwekundu mfupi, kichwa chake ni mashine ndogo ya kutolea peremende, yenye tufe angavu juu na mlango wa kutokea peremende chini. Mlango huo ndio mdomo wake. Kiwiliwili ni kibubu cha watoto chenye umbo la pipa, na sehemu ya chini inayopanuka kama sketi ni bakuli la pipi la sikukuu ya Halloween. Hapa muundaji hakuhitaji kupasua sana, kwa kuwa mashine ile ilikuwa na kichwa na kinywa kabla hata hajaigusa. Kipaji chake kilikuwa ni kuliona hilo. Naye Servo hakuwapo tangu mwanzo: katika rekodi ya majaribio nafasi yake ilishikwa na roboti aitwaye Beeper, aliyekuwa akitoa milio tu, na ilipoonekana kwamba roboti wa kulia “piii” hana mazungumzo marefu, alipewa sauti na tabia, akageuka kuwa Servo. Hayo ndiyo mageuzi ninayotaka uyazingatie. Kikaragosi hakubadilishwa kwa sababu mtu alichora mchoro mzuri zaidi, bali kwa sababu kazi aliyopewa ilimdai kitu ambacho hakuwa nacho.

Dai jingine lilikuwa la kivuli. Sehemu kubwa ya kipindi kile, watazamaji humwona mtu na roboti wawili kutoka nyuma, wakiwa maumbo meusi chini ya skrini ya sinema. Hakuna rangi inayosaidia hapo. Kinachobaki ni ukingo wa umbo peke yake. Wavu wa Crow na mdomo wake mrefu, na tufe la Servo juu ya mabega, vinatambulika hata ukiwa umesimama mlangoni. Mimi mwenyewe nilijifunza jambo hili kwa aibu. Niliwahi kuunda kichwa kwa chupa angavu ya maji ya lita 10, nikakisifu usiku kucha, na asubuhi tulipomweka mbele ya dirisha kichwa chote kikatoweka. Kwenye picha yakabaki macho mawili yanayoelea na kola ya bati. Tangu siku hiyo, kabla sijapaka rangi yoyote, huweka taa nyuma ya kikaragosi na shuka mbele yake, kisha namwita mtu asiyejua tunafanya nini na kumuuliza anaona nini. Akitaja chombo, nakata tena.

Dhana inayowapoteza wengi ni ile uliyoanza nayo wewe, yaani kuchora kwanza kisha kutafuta chombo kinachofanana na mchoro. Ina chimbuko la heshima, ila wapo wanaokosea upande wa pili, wakidhani umbo hutoka kwenye chombo chenyewe kabla ya kazi yake. Pengine umewahi kuwasikia Dalek, wale viumbe wa kutisha wa kipindi cha televisheni cha Uingereza cha Doctor Who. Si vikaragosi hasa, kwa kuwa mtu huketi ndani na kuwaendesha, lakini wamezaliwa katika mazingira yaleyale ya bajeti ndogo. Watu husema mbunifu wao, Raymond Cusick, alikitazama kichupa cha pilipili mezani akapata umbo. Mwenyewe alilikanusha jambo hilo: alianza na mtu aliyeketi kitini, akachora kumzunguka, na kichupa cha pilipili alikisogeza tu mezani ili kuonyesha namna viumbe hao watakavyoteleza bila miguu. Yaani kazi ilitangulia na chombo kikafuata kuieleza. Mkono wao nao ulikuwa ni mpira wa kuzibulia sinki, na katika sehemu iliyorushwa tarehe 21 Desemba 1963 watazamaji walionyeshwa mkono huo tu ukimsogelea mwanamke aliyejibanza ukutani. Waingereza waliokuwa na mpira huo huo chini ya masinki yao waliogopa. Kwa hiyo mtazamaji akikijua chombo si lazima acheke. Anacheka pale chombo kinapokuwa hakina la kufanya.

Nawe uanze hivyo. Weka mchoro kando kwa wiki moja, kisha waambie watoto walete vitu visivyo na kazi nyumbani: vichujio vya chai, ndala moja iliyopoteza mwenzake, mfuniko wa sufuria, trei ya mayai, kandili lisilo na kioo, kipande cha mwanzi, kikapu cha milulu kilichotoboka kitako. Vipangeni sakafuni, mvigeuze, mvilaze, mviweke kimoja juu ya kingine, bila gundi wala kisu. Waulize swali moja tu: kipi kinafumbua mdomo? Chombo chenye bawaba au mfuniko kinakupunguzia nusu ya kazi. Kisanduku cha sabuni, boksi la miwani, chombo cha chakula chenye kifuniko cha kubana, vyote hivyo tayari vinasema. Ndoo haisemi, na kuitoboa tundu hakuifanyi iseme.

Hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wako, kwa sababu mdomo ndio unaomfanya kikaragosi awe hai au awe pambo. Kikaragosi anayezungumza hufungua taya la chini. Kichwa kinapaswa kutulia. Wanaoanza hutikisa kichwa chote, na mtazamaji huona mtu anayegongwa kisogoni. Pia Kiswahili chetu kina tabia yake. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo “habari za asubuhi” ina vituo vinane vya kufungua mdomo, na mchezeshaji anayejaribu kuvifuata vyote atachoka, na kikaragosi ataonekana anatafuna. Mfundishe mtoto kufungua taya kwa upana kwenye silabi yenye mkazo, ile ya pili kutoka mwisho, yaani “ba” na “bu”, na zile nyingine aziguse kidogo tu. Akisema “Mbeya”, mdomo uanze ukiwa umefungwa, ufunguke kwa “be”, ushuke taratibu kwa “ya”. Fanyeni mazoezi hayo kwa mkono mtupu, vidole vinne vikiwa juu na gumba chini, siku nyingi kabla kikaragosi hajakamilika.

Kuhusu mtambo wenyewe, nenda kwa fundi baiskeli. Mwombe waya wa breki wa zamani pamoja na ala yake, yaani mrija unaoufunika, na mkono wa breki. Mkono wa breki unafungwa kwenye fimbo anayoshika mchezeshaji, ala inashikizwa imara kwenye fimbo na kwenye shingo ya kikaragosi, na ncha ya waya inafungwa kwenye taya. Bawaba ya taya inaweza kuwa kipande cha spoku. Siri iko katika mahali pa kufungia waya: ukiufunga sentimita 2 tu mbele ya bawaba, na taya likawa na urefu wa sentimita 10, basi waya ukivutwa chini sentimita 1, ncha ya taya itashuka sentimita 5, mdomo wa kutosha kupiga kelele. Ukiufunga kwenye ncha ya taya, mtoto atabana breki kwa nguvu zote na roboti atanong’ona tu. Ukanda mwembamba wa tyubu ya baiskeli, uliofungwa upande wa juu, utalirudisha taya mahali pake. Usikaze ukanda huo kupita kiasi, kwa kuwa kila unachokiongeza hapo, kidole cha mtoto ndicho kinacholipa.

Uzito ulioutaja ni jambo la kweli na halitatuliwi kwa mazoezi. Jaza chupa maji ya lita 1, ambayo ni kilo 1, kisha mwambie mtoto atakayemchezesha aishike juu ya kichwa chake kwa muda wa onyesho moja. Ukiona kiwiko kinaanza kushuka, hicho ndicho kikomo chako, na kikaragosi wote, pamoja na fimbo na waya, awe chini yake. Ndoo ya lita 20 yenye kuta nene haitafuzu mtihani huo. Lakini usiitupe. Ikate upate ukanda wa juu peke yake, kama kola, au kipande kimoja kilichopinda kama bamba la kifua, na utashangaa jinsi ilivyokuwa nzuri muda wote huo.

Karatasi ya fedha naomba uiondoe. Wengi huamini kwamba roboti ni lazima ang’ae, ilhali Servo ni mwekundu na hakuna anayemtilia shaka. Karatasi ile hurudisha mwanga kwenye kamera, hivyo sehemu moja inawaka nyeupe na uso unafifia. Zaidi ya hapo hulia kila kikaragosi anaposogea, na maikrofoni huusikia mlio huo vizuri kuliko maneno ya mtoto. Tafuta rangi isiyong’aa, na kwa hali ya hewa ya Tukuyu iache ikauke siku nyingi kuliko kopo linavyosema. Kwa sababu hiyohiyo ya unyevu, sehemu za boksi la karatasi zipakwe pande zote mbili, la sivyo shingo italegea katikati ya masika.

Macho niyaseme kwa ufupi. Mboni zikiwekwa katikati kabisa, kikaragosi hutazama pande mbili kwa pamoja na anaonekana hayupo. Zisogeze kidogo kuelekea pua, ukimtazama kutoka umbali wa kamera, mpaka uhisi anakutazama wewe. Jim Henson, muundaji wa vikaragosi wa Marekani, alipomtengeneza Kermit, anayejulikana leo kama kikaragosi wa chura, mwaka 1955 alitumia kitambaa cha koti kuukuu la mama yake na nusu mbili za kipira cha mpira wa meza, na Kermit huyo wa kwanza hakuwa hata chura. Uchura ulikuja baadaye. Uhai ulikuwa tayari machoni.

Je, ununue kikaragosi aliyekwisha kutengenezwa? Sitakudanganya kwamba ni wazo baya. Kikaragosi wa dukani ni mwepesi, mdomo wake umefanyiwa majaribio, na kama mnarekodi baada ya wiki mbili, ningekushauri umnunue bila aibu. Ila wengi wao ni wanyama wa manyoya, na kumgeuza mmoja kuwa roboti ni kazi ndefu kuliko kuanza upya. Kama mna mwezi mmoja na zaidi, vyombo vya nyumbani vitawapa mhusika ambaye hayupo katika kipindi kingine chochote. Tahadhari yake ni hii: kila kitu mtakachokichagua, tafuteni vitatu vinavyofanana. Wapenzi wa kipindi kile cha Minneapolis wanaotaka kujiundia Servo wao hadi leo huzunguka wakiisaka mashine ileile ya peremende, kwa sababu haitengenezwi tena, nanyi mdomo ukivunjika katika sehemu ya nne hamtataka roboti abadilike sura katika sehemu ya tano.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatoshi, na hapo nakuomba umtafute mtu wa kuyaona kwa macho. Watoto wakileta televisheni ya kichogo iliyoharibika ili iwe kichwa, nao watapenda sana kuileta, msiifungue wenyewe. Bomba lake la kioo linaweza kupasuka kwa kishindo, na ndani mnaweza kubaki umeme hata baada ya kuchomolewa. Fundi wa redio na televisheni aondoe matumbo yake, akukabidhi kasha tupu. Madumu na chupa zilizowahi kubeba dawa za kunyunyizia viazi au nyanya zisiingie darasani kabisa, hata zikioshwa mara kumi. Taa za ndani ya macho ziwe za betri, na mwenye kutaka kuunganisha umeme wa ukutani awe fundi umeme, si mwanafunzi wa darasa la sita. Kukata plastiki kwa kisu cha moto kufanyike nje, na mtu mzima.

Taya likikushinda baada ya kulijaribu kama nilivyoeleza, usihangaike nalo kwa wiki tatu. Mbeya si mbali na kwenu, na karakana yangu huwa wazi Jumamosi. Lete vipande bila kuvigundisha, na uje na mtoto atakayemchezesha, kwa kuwa kitu cha kwanza nitakachopima ni mkono wake.